Seli za damu yetu zinaishi katika maabara za mbali: tutoe, lakini kwa mkataba

Mwezi wa nane 2019, mama mmoja na mtoto wake wa mwaka mmoja walitoka wazima katika kituo cha matibabu ya Ebola hapa Goma. Baba wa familia, ugonjwa ulikuwa umemchukua siku chache mbele. Habari ilizunguka redioni na katika simu zetu, watu wakamshukuru Mungu, kila mmoja akarudi kwenye shughuli yake. Ni wachache waliouliza zile dawa mpya za kupitisha kwenye mshipa, zilizokuwa zikijaribiwa katika jimbo letu, zilitoka wapi.

Moja kati ya hizo ilitoka mwilini mwa Mkongomani. Sisemi kwa mfano. Ilitoka katika seli za kinga za mtu aliyeugua Ebola huko Kikwit mwaka 1995 akapona.

Kikwit mwaka ule walihesabiwa wagonjwa 315, na karibu wanane kati ya kila kumi walikufa. Dawa haikuwepo. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walichukua damu ya watu waliopona, wakawaongezea wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wa nje walitikisa kichwa, wakasema watu wanane hawatoshi kuthibitisha kitu, na kwa hesabu za sayansi walikuwa na haki. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa, na lilizaliwa hapa kwetu: mwili wa aliyepona una silaha, tuitafute hiyo silaha.

Miaka kumi na moja baada ya ugonjwa, damu ya waliopona Kikwit ilichukuliwa tena. Safari hii ilifika kwa watafiti wa Marekani, kundi la Nancy Sullivan katika taasisi ya serikali ya huko, na kwa wenzao wa Bellinzona, Uswisi, akina Antonio Lanzavecchia na Davide Corti. Ndani ya damu hiyo walitafuta seli B za kumbukumbu. Hizi ni seli za kinga zinazokaa mwilini miaka mingi zikikumbuka adui aliyewahi kuja, na adui akirudi zinatengeneza kingamwili za kumkamata. Shida ni kwamba seli B ukizitoa mwilini na kuziweka katika chombo cha maabara, hazidumu, zinakufa. Basi watafiti walizitia virusi vinavyoitwa Epstein-Barr, ambavyo vinafanya seli B ziendelee kugawanyika bila kuchoka. Wakazikuza moja moja, wakachunguza kila kingamwili, mpaka wakapata ile iliyoshika virusi vya Ebola kwa nguvu. Wakaiita mAb114. Nyani waliopewa siku tano baada ya kuambukizwa waliokoka.

Sasa simama kidogo kwenye hivyo virusi vya Epstein-Barr, maana navyo vina historia ya huku kwetu. Vilionekana kwa mara ya kwanza 1964, London, ndani ya seli za uvimbe wa mtoto wa Uganda. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, alikuwa ameona watoto wengi wenye uvimbe wa taya unaokua haraka, ugonjwa ambao leo una jina lake. Vipande vya uvimbe vilipakiwa kwenye ndege kutoka Kampala. Mwezi wa 12, 1963, ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester, na kifurushi kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Wangeweza kukitupa. Walipoangalia vizuri wakakuta ule uchafu ni seli zilizo hai, zinaelea. Kutoka hapo walifaulu kuzikuza.

Kuna nyingine. Katika katalogi za makampuni yanayouza seli kwa ajili ya utafiti, utakuta seli zinazoitwa Raji, zilizotolewa kwa mtoto wa Nigeria 1963. Utakuta Daudi, za kijana Mwafrika wa miaka 16, mwaka 1967. Utakuta Namalwa, kutoka Uganda, ambazo zilikuzwa kwa wingi viwandani kutengeneza dawa ya interferoni. Zote ni seli B, zote zilitoka kwa watoto na vijana wenye ugonjwa wa Burkitt. Leo hii, unaposoma maneno haya, kuna mtafiti mahali fulani Ulaya au Asia anafungua friji na kutoa chupa ndogo iliyoandikwa Daudi. Jina ambalo ukiliita sokoni Virunga watageuka watu ishirini.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema kukuza seli za kinga za binadamu maabarani ni mambo ya wazungu, ya kesho, yasiyotuhusu, nashangaa. Kazi hiyo ilianza na watoto wa Afrika. Sisi tumo ndani yake tangu mbele ya wengi wetu kuzaliwa. Ila tumo ndani ya chupa.

Turudi kwa dawa. Mwezi wa 11, 2018, wakati Beni inazikwa kila siku mara mbili, kwa Ebola na kwa mapanga, jaribio la dawa nne lilianza pale. Baadaye likaenda Katwa, Butembo na Mangina. Dawa mbili kati ya nne zilishinda. Katika waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35. Waliopewa ile ya pili, iliyotoka kwa panya waliotiwa jeni za kinga za binadamu, walikufa asilimia 33 na nusu. Zile nyingine mbili, karibu nusu ya wagonjwa au zaidi walikufa. Na aliyefika mapema, virusi bado kidogo mwilini, akapewa mAb114, hatari ya kufa ilishuka mpaka kama mmoja kati ya kumi. Jaribio lilikuwa na wagonjwa 681. Liliongozwa na Wakongomani, Muyembe na Sabue Mulangu, katika jimbo ambalo munganga wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Mimi ninapomsikia mtu akisema Wakongomani hawawezi kufanya sayansi ya kiwango cha dunia, huwa namuuliza ni nchi gani nyingine imefanya jaribio la namna hiyo katikati ya milio ya risasi.

Na baada ya hapo? Haki ya kutengeneza mAb114 serikali ya Marekani ilikuwa imeshaipa kampuni ya Ridgeback, ya Florida. Desemba 2020 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa jina la Ebanga. Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike pamoja na ile ya pili. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limepiga kelele mara nyingi kwamba akiba kubwa ya dawa hizi mbili iko mikononi mwa Marekani, imewekwa kwa ajili ya usalama wa taifa lao. Ebola inazuka Ekwateri, Beni, Kasai. Dawa inalala ng'ambo. Ugonjwa ukizuka tunaomba, tunaletewa.

Lazima niseme haki: wagonjwa wetu hawakulipishwa wakati wa mlipuko ule, na bila fedha na mashine za Wamarekani na Waswisi ile kingamwili ingebaki ndani ya mwili wa mtu wa Kikwit mpaka azikwe nayo. Sina ugomvi na waliofanya kazi. Ugomvi wangu ni juu ya karatasi. Pale mwanzo, sindano ilipoingia, hapakuwa na karatasi inayosema: dawa ikipatikana kutoka damu hii, sehemu fulani ya akiba itakaa Kinshasa na Goma, na itakaa pale kama haki. Leo tungekuwa tunadai. Sasa tunabaki kuomba.

Kwa nini nayaleta haya leo? Kwa sababu mchezo umebadilika. Zamani ili upate seli za kinga za mtu ulihitaji damu yake, na damu inaisha. Sasa kuna njia ya seli shina. Seli shina ni kama mbegu. Katika uboho wa mifupa yetu ziko zile zinazozaa damu yote, nyekundu na nyeupe, maisha yetu yote. Zinapatikana pia katika damu ya kitovu cha mtoto anapozaliwa, ile ambayo mara nyingi inatupwa pamoja na kondo. Zaidi ya hapo, mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi ukiitia jeni nne inarudi utotoni na kuwa seli shina tena, inayoweza kugeuka kuwa seli ya aina yoyote. Alipewa Nobel 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Maana yake kwa lugha ya nyumbani: kipande kidogo cha ngozi au damu ya kijiko kimoja inatosha kutengeneza mbegu isiyokwisha. Mbegu hiyo inagandishwa, inatumwa, inaoteshwa tena, na kutoka humo watafiti wanakuza makrofaji, seli T na seli za kuua saratani. Makrofaji ndizo seli ambazo Ebola inazishambulia kwanza kabisa. Seli B, zile za kutengeneza kingamwili, ndizo zimekuwa ngumu zaidi kuzikuza kwa njia hii, lakini kazi inaendelea. Na haja ipo. mAb114 inashika Ebola ya aina ya Zaire tu. Mwaka 2022 Uganda ilipopigwa na aina ya Sudan, wagonjwa 142 wakathibitishwa na 55 kati yao wakafa, Ebanga haikuwa na kazi pale. Kampala ikapigwa tena Januari 2025. Jirani zetu hao. Pikipiki na malori hayaulizi virusi ni vya aina gani.

Kwa hiyo mimi siko upande wa wanaosema tukatae kutoa damu. Nawaelewa. Wakati wa Ebola hapa kwetu watu walisema damu inauzwa, miili inauzwa, wakaita kila kitu "Ebola biashara", na mahali pengine wakachoma vituo. Uvumi unakua pale ambapo hakuna anayeeleza. Ila kukataa kunatuua sisi wenyewe, kwa sababu seli nyingi zinazotumika katika utafiti wa seli shina zinatoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na dawa iliyojaribiwa kwenye seli zao inaweza kukosa kitu ambacho kiko kwenye zetu. Nataka seli za watu wa Masisi na Lubero na Idjwi ziwemo katika hizo friji. Nataka tu ziwe na mwenyewe.

Wamarekani wenyewe wanaujua ubishi huu. Mwaka 1951 mama mweusi, Henrietta Lacks, alichukuliwa seli za saratani huko Baltimore bila kuulizwa. Seli hizo zinaishi mpaka leo, zimetajirisha makampuni, na familia yake ilikaa gizani miaka mingi. Agosti 2023 familia ilifikia mapatano na kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara, miaka 72 baadaye. Waliishi karibu na mahakama na mawakili, na bado iliwachukua miaka yote hiyo. Sisi wa kartie Ndosho itatuchukua mingapi?

Mtu ataniambia kwamba Mei 2025 nchi za dunia zilipitisha mkataba wa majanga ya magonjwa huko Geneva, na ndani yake kuna suala la kugawana faida. Ni kweli, na ni hatua. Lakini soma vizuri: kugawana kunakozungumzwa mle ni kwa vimelea, yaani virusi na bakteria. Ukitoa virusi vya Ebola kutoka kwa mgonjwa wa Beni, kuna mazungumzo ya nani apate nini. Ukitoa seli za kinga zilizovishinda virusi hivyo, kutoka kwa mgonjwa yuleyule, kitanda kilekile, hakuna. Adui ana mkataba kuliko askari.

Kisha kuna swali ambalo wengi wanalikwepa kwa heshima: hata tukipewa, tutaweka wapi? Hapa ndipo hoja yangu inaumia, na sitaificha. Goma tuna maabara ya INRB, iliyojengwa kwa ushirikiano na taasisi ya Mérieux ya Ufaransa. Ni maabara ya maana. Sampuli za mpox kutoka Kivu ya Kusini zilipimwa humo. Lakini mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini na umeme ukakatika, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulitoa tahadhari mbele ya dunia nzima juu ya maabara hiyohiyo, kwamba sampuli zilizohifadhiwa, za Ebola zikiwemo, ziko hatarini. Siku zile sisi wakaaji tulikuwa tunatafuta maji ya ziwa na mahali pa kulaza watoto mbali na dirisha. Wengi wetu hatukujua kwamba karibu yetu kuna friji ambayo ikiyeyuka ni shida ya aina nyingine.

Seli zilizo hai zinahifadhiwa katika naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo inapungua kila siku na lazima iongezwe. Kiwanja cha ndege kikifungwa, barabara ikikatwa, mbegu zinakufa. Ndiyo hoja ya wale wanaosema acheni ziwe Uswisi, angalau kule hazitayeyuka. Jibu langu: sawa, ziwe Uswisi, na nakala iwe Kinshasa, na ya tatu iwe Nairobi au Entebbe, na karatasi ya umiliki iwe na jina la Congo. Pesa zako zinaweza kulala benki ya nchi nyingine zikabaki zako. Mahali pa friji na umiliki wa kilichomo ni mambo mawili.

Nitoke kidogo kwenye mstari. Kuna watu hapa mjini wanaouza vipakiti vya unga wakisema ni "seli shina", vya kuponya kisukari, presha, macho, mpaka utasa, kipakiti kimoja kwa bei ya chakula cha wiki. Wanavaa kizibao kizuri na wana video kwenye simu. Seli shina haiwezi kuishi katika unga mkavu, na ukiimeza tumbo linaisaga kama muhogo. Kama mama yako ameshanunua usimgombeze, lakini mwambie dawa zake za presha asiziache.

Tiba za kweli za seli shina zipo, na moja inatugusa kuliko Ebola yenyewe: ugonjwa wa seli mundu, ule tunaouita SS. Congo ni kati ya nchi tatu za dunia ambazo watoto wengi zaidi wanazaliwa nao, pamoja na Nigeria na India. Mwisho wa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kutoa seli shina za uboho za mgonjwa mwenyewe, kuzirekebisha jeni maabarani, na kuzirudisha. Bei yake Marekani ni dola milioni mbili na laki mbili kwa mgonjwa mmoja. Mama mwenye mtoto wa SS hapa Goma anahangaika kupata dola za damu ya kuongezewa. Simlaumu munganga wala mtafiti, lakini mtu asije kutuambia sayansi ikifaulu itatufikia yenyewe. Haifiki yenyewe. Mtu anaikokota, kama chukudu kwenye mlima.

Nani aikokote? Naanza na watu wa shirika la kiraia, ambao wana nguvu ya kuitisha mji mfu kwa sababu ya umeme au usalama: waweke na hili kwenye meza. Kila ruhusa ya utafiti isomwe kwa Kiswahili, na kwa Kinande au Kihunde ikibidi, na iseme waziwazi kama damu itageuzwa kuwa seli za kudumu, maana "kupima damu" na "kuotesha seli zako miaka hamsini" si ombi moja. Vyuo vyetu vya Goma, Butembo na Bukavu vina vijana wa biolojia wanaomaliza shahada na kuishia kuuza vocha za simu. Kila mkataba wa sampuli ungekuwa na nafasi ya mmoja wao kuifuata sampuli mpaka inakokwenda, akajifunza kuikuza, akarudi. Muyembe mwenyewe alisomea Ubelgiji akarudi, na tunaona matunda yake mpaka leo.

Mlipuko wa 2018 mpaka 2020 uliwaua watu 2,287. Lakini zaidi ya 1,100 walipona. Wako Beni, Butembo, Katwa, Mangina, wengine wamekimbia vita na hawajulikani walipo. Kila mmoja amebeba ndani yake seli za kumbukumbu kama zile za mtu wa Kikwit. Wamejipa jina la washindi. Mazungumzo haya ya damu na seli ningependa yaanze nao, wakiwa wamekaa kwenye kiti, wakati ambapo hakuna mgonjwa, siyo siku ambayo magari meupe yameshafika na kila mtu ana haraka.